Homa ya Maziwa: Ng'ombe Anapoanguka Baada ya Kuzaa



Leo tunazungumza juu ya ugonjwa wenye jina la kupotosha. Unaitwa homa ya maziwa, lakini mgonjwa wake hana homa. Ukimshika masikio utayakuta ya baridi. Ukimpima kwa kipimajoto utakuta joto lake ni la kawaida au limeshuka. Jina hilo limewapotosha wengi, na ng'ombe wengi wazuri wamekufa au wamechinjwa kwa sababu mwenyewe alidhani ni ndigana, au amerogwa, au amevunjika kiuno.

Tunazungumza hasa na nyinyi mnaofuga ng'ombe wa maziwa ndani na kandokando ya mji wa Tabora: Kitete, Cheyo, Isevya, Ng'ambo, Ipuli, hadi kule Kwihara. Ng'ombe mmoja wa kisasa nyuma ya nyumba ni maziwa ya watoto, ni daftari za shule, ni samadi ya bustani. Akianguka usiku mmoja, mambo yote hayo yameanguka naye. Na ugonjwa huu hautoi nafasi ndefu. Ng'ombe aliyezaa jana akiwa mzima, leo alfajiri aweza kuwa chini, na kesho asiwepo.

Habari njema ni hii: karibu hakuna ugonjwa mwingine mkubwa wa ng'ombe unaopona haraka namna hii. Ng'ombe aliyelala kama maiti anaweza kusimama na kutafuta majani saa hiyohiyo ya matibabu. Lakini ili ufanye jambo sahihi, na hasa ili uache yale yasiyo sahihi, inafaa kwanza uelewe kinachotokea ndani ya mwili wake. Basi tufuatane.

DALILI ZAKE

Ugonjwa huu huwapata zaidi ng'ombe wanaotoa maziwa mengi, ambao wameshazaa mara tatu au zaidi. Mtamba anayezaa kwa mara ya kwanza haupati kwa kawaida. Huwapata Jersey zaidi kuliko wengine, kisha Friesian na machotara wao. Mara nyingi hutokea ndani ya siku 3 baada ya kuzaa, na pengine wakati wenyewe wa kuzaa.

Kuna hatua tatu. Hatua ya kwanza ng'ombe angali amesimama. Anatetemeka misuli ya ubavuni na mapajani, anashtukashtuka, anatikisa kichwa, anaburuta miguu ya nyuma, anakataa kula. Hatua hii ni fupi, na wengi hawaioni.

Hatua ya pili anakaa chini kwa kidari na hawezi kusimama. Shingo yake inajipinda na kichwa kinageukia ubavuni, kama anayetazama tumbo lake. Pua imekauka. Masikio na miguu ni ya baridi. Hacheui, hatoi mavi, hakojoi. Macho yamezubaa. Moyo unapiga mbio, lakini ukitega sikio kifuani utausikia kwa mbali tu.

Hatua ya tatu analala ubavu, amelegea mwili mzima kama gunia tupu. Tumbo linajaa gesi. Hapo zimebaki saa chache tu.

Sasa linganisha na ndigana kali. Mwenye ndigana kali ana joto, nyuzi 40 na kuendelea, na mitoki imevimba. Ng'ombe mzima ana nyuzi 38 na nusu hivi. Mwenye homa ya maziwa anaweza kushuka hadi 37 au chini zaidi. Kipimajoto kimoja, dakika mbili, na tayari umeshatofautisha magonjwa mawili ambayo dawa zake hazifanani hata kidogo.

KILICHOPUNGUA NI NINI?

Kilichopungua ni kalsiamu, yaani madini ya chokaa, ndani ya damu.

Watu wengi wakisikia kalsiamu hufikiri mifupa na meno. Ni kweli, zaidi ya asilimia 98 ya kalsiamu ya mwili imo katika mifupa. Lakini hicho kidogo kinachobaki, kinachozunguka katika damu na maji ya mwili, kina kazi kubwa kuliko unavyodhani. Ng'ombe mkubwa ana gramu 3 hivi tu za kalsiamu katika maji ya damu yake yote. Gramu 3! Haijazi hata kijiko cha chai.

Sasa fanya hesabu. Maziwa ya mwanzo, yaani dang'a, yana gramu 2 hivi za kalsiamu katika kila kilo. Ng'ombe akitoa kilo 10 za dang'a siku ya kwanza, amepoteza gramu 20. Kumbuka damuni zilikuwamo gramu 3 tu. Kwa hiyo siku hiyo moja damu imepaswa kujazwa upya mara sita au saba, kutoka tumboni na kutoka mifupani. Mwili ukichelewa kujaza, ng'ombe anaanguka.

Hapo ndipo utaona kwa nini ng'ombe wetu wa asili hatumwoni akipata ugonjwa huu. Yeye hutoa lita moja au mbili, na ndama ananyonya kidogokidogo. Mlango wa kutokea kalsiamu ni mdogo. Wazee wa Unyanyembe walifuga ng'ombe karne nyingi bila kuhitaji dawa yake. Ugonjwa umekuja pamoja na kiwele kikubwa.

Lakini swali kubwa bado lipo. Kwa nini kupungua kwa chokaa katika damu kumfanye ng'ombe mwenye miguu mizima na mifupa mizima ashindwe kusimama?

VIJILANGO VYA KALSIAMU

Mwili umejengwa kwa vyumba vidogo mno visivyoonekana kwa macho, ambavyo wataalamu huviita seli. Fikiria seli moja kama tembe la zamani, kama lile la Kwihara alimokaa Livingstone mwaka 1872. Kuta nene pande zote, na mlango wenye mlinzi. Hakuna anayeingia hivihivi.

Nje ya kuta hizo kalsiamu imejaa. Ndani ni kidogo kabisa. Kalsiamu iliyo huru nje ya seli ni kiasi cha mara 10,000 ya ile iliyo ndani. Seli huifukuza saa zote kwa pampu zake, ibaki nje. Kwa nini? Kwa sababu kuingia kwa kalsiamu ni ishara. Ikiingia kidogo tu, seli inajua: kazi imefika. Kama kalsiamu ingekuwa imejaa ndani siku zote, ishara isingesikika, kama vile kengele inayolia mchana kutwa.

Katika kuta za seli za mishipa ya fahamu na za misuli kuna vijilango maalumu vya kupitisha kalsiamu, vilivyotengenezwa kwa protini. Vijilango hivi havifunguliwi kwa ufunguo wala kwa mkono. Vinafunguliwa kwa umeme.

Usishangae, mwili una umeme. Seli ikiwa imetulia, upande wa ndani na upande wa nje hutofautiana kwa kiasi cha sehemu 70 katika elfu za volti moja. Betri moja ya tochi ina volti 1 na nusu, yaani mara 20 hivi ya hapo. Ni umeme mdogo, lakini ukuta wenyewe ni mwembamba mno, hivyo kijilango huuhisi vizuri sana. Umeme ule ukiwa umetulia, kijilango kimefungwa. Ujumbe ukifika na umeme ukageuka ghafla, kijilango kinafunguka kwa muda mfupi mno, kalsiamu inamiminika ndani, kisha kinajifunga. Ni kama mlinzi wa tembe asiyefungua mlango kwa mtu yeyote, ila akisikia ngoma yake tu.

Sasa tufuate ujumbe mmoja. Ng'ombe anataka kusimama. Amri inatoka kwenye ubongo, inashuka uti wa mgongo, inafuata mshipa wa fahamu hadi paja la nyuma. Njiani ujumbe hubebwa kwa kupishana kwa madini mengine, sodiamu na potasiamu. Lakini ufikapo mwisho wa mshipa, kuna mwanya. Mshipa haukugusana na msuli. Umeme hauruki hapo. Basi kwenye ncha ya mshipa vijilango vya kalsiamu vinafunguka, kalsiamu inaingia, na kuingia kwake kunavisukuma vifuko vidogo vipasuke na kumwaga dawa ya asili iitwayo asetilikolini. Dawa hiyo ndiyo inayovuka mwanya na kuuamsha msuli.

Kwa hiyo, ndugu mfugaji, ujumbe wa umeme hugeuzwa kuwa ujumbe wa dawa, na mgeuzaji ni kalsiamu. Pasipo kalsiamu ya kutosha nje, kijilango kitafunguka kama kawaida, lakini kinachoingia ni haba. Na ubaya wake ni kwamba upungufu huu hauendi kwa usawa. Kalsiamu ikipungua nusu, dawa inayomwagwa hupungua zaidi sana ya nusu. Ubongo unaamuru, mshipa unapeleka, mpokeaji hapati kitu. Ng'ombe anataka kusimama, na hawezi.

MSULI, MOYO NA TUMBO

Misuli nayo ina vijilango hivyo, lakini haivitumii kwa namna moja.

Msuli wa mguu una ghala lake la kalsiamu ndani. Vijilango vya ukutani vinauhisi umeme na kulifungua ghala hilo, na msuli unajikunja. Huu hautegemei sana kalsiamu ya nje. Shida yake kubwa ni kule mwanyani, ambako amri haifiki.

Msuli wa moyo ni tofauti. Kila pigo la moyo lazima kalsiamu kidogo iingie kutoka nje kupitia vijilango, ndipo ghala la ndani lifunguke. Kalsiamu ya damu ikipungua, pigo linakuwa dhaifu. Ndiyo sababu moyo wa mgonjwa unakwenda mbio lakini unasikika kwa mbali.

Misuli laini ya tumbo, ya utumbo, na ya mfuko wa uzazi hutegemea sana kalsiamu inayoingia kutoka nje. Ikikosekana, tumbo kubwa halichezi, hivyo ng'ombe hacheui, hatoi gesi, na tumbo linavimba. Utumbo hausukumi, hivyo hakuna mavi. Mfuko wa uzazi haujikunji, hivyo kondo la nyuma linabaki, au mfuko wenyewe unatoka nje. Hata tundu la chuchu halifungi sawasawa, vijidudu vinaingia, na ugonjwa wa kiwele unafuata. Wengine hawafiki kuanguka kabisa. Upungufu wao ni mdogo, lakini mwezi mzima unahangaika na kondo, kiwele na ulaji mbaya bila kujua vyote vina mzizi mmoja.

Labda utauliza: mbona mwanzoni ng'ombe alitetemeka badala ya kulegea? Ni kwa sababu kalsiamu iliyo nje ya mshipa wa fahamu pia huutuliza. Ikipungua, mshipa unakuwa mwepesi kushtuka, unapiga kelele bila sababu. Ndiyo mitetemo ile. Baadaye upungufu unapozidi, kazi ya kule mwanyani inashindwa, na ulegevu unatawala.

WALIJUAJE HAYA?

Mwaka 1883 daktari mmoja wa London, Sydney Ringer, aliandika habari za moyo wa chura. Alikuwa ameutia katika maji ya chumvi, ukaendelea kupiga. Baadaye maji yakatengenezwa upya kwa maji safi yaliyochujwa kwa mvuke, moyo ukadhoofika na kusimama. Alipochunguza akagundua kwamba yale ya kwanza yalikuwa maji ya bomba ya mji, na maji ya bomba yalikuwa na chokaa. Chokaa kidogo ndiyo iliyokuwa ikiuendesha moyo.

Kwa wafugaji, mwanga wa kwanza ulitoka Denmark. Mwaka 1897 daktari wa mifugo aitwaye Schmidt alianza kutibu homa ya maziwa kwa kutia dawa ndani ya kiwele. Punde ikaonekana kwamba hata hewa tupu ikipulizwa kwenye kiwele inaponya. Wakati ule hawakujua kwa nini. Leo tunajua: kiwele kikijaa na kubanwa, maziwa hayatengenezwi, na kalsiamu haitoki tena damuni. Mwaka 1925 Dryerre na Greig, watafiti wa Scotland, walieleza kwamba ugonjwa huu ni upungufu wa kalsiamu, na miaka michache baadaye Greig akaonyesha kuwa sindano ya kalsiamu inauponya. Kazi ya kalsiamu kwenye mwanya wa mshipa na msuli ilielezwa na Bernard Katz na wenzake, na Katz akapata tuzo ya Nobel mwaka 1970.

Tahadhari: usijaribu kupuliza hewa kwenye kiwele kwa pampu ya baiskeli. Utaingiza uchafu na kuua kiwele. Sindano ipo.

LA KUFANYA UKIMKUTA AMEANGUKA

Fuata mambo haya kwa mpangilio.

1. Mtume mtu au piga simu kwa Bwana Mifugo au Bibi Mifugo saa hiyohiyo, iwe usiku iwe mchana. Mweleze: amezaa lini, ni uzao wa ngapi, masikio ni ya baridi au ya moto, anakaa kwa kidari au amelala ubavu. Maneno hayo manne yatamfanya aje na dawa sahihi.

2. Mkalishe kwa kidari. Akiwa amelala ubavu, mgeuze, mwegemeze kwa magunia yaliyojazwa majani au mchanga pande zote mbili. Akiachwa ubavu, gesi haitoki na matapishi yanaingia mapafuni.

3. Mtandikie majani makavu mengi, na umkinge na jua na mvua. Kama yuko kwenye saruji, ni bora umsogeze kwa kumburuta juu ya turubali kuliko kumwacha aparuze miguu yake.

4. Mgeuze kutoka upande mmoja kwenda wa pili kila baada ya saa 2 au 3. Ng'ombe wa kilo 400 akilalia mguu mmoja saa sita, msuli na mshipa wa fahamu wa mguu huo huharibika kwa uzito wake mwenyewe. Wengi walioshindwa kusimama baada ya matibabu hawakushindwa kwa ajili ya kalsiamu. Walishindwa kwa sababu walichelewa, wakalalia mguu mmoja.

5. Usimkamue.

Na mambo ya KUTOFANYA ni haya:

Usimnyweshe kitu kwa chupa, si maji, si uji, si soda, si mafuta, si dawa ya mitishamba. Misuli ya kumeza imelegea kama ile ya miguu. Unachomimina kinaweza kwenda mapafuni, na hapo umemuua kwa mkono wako.

Usimpige wala kumvuta mkia ili asimame. Hakatai. Amri haifiki.

Usikimbilie sindano ya dawa za vijidudu. Hapa sikiliza vizuri. Streptomaisini, jentamaisini na jamii yake huzuia vijilango vilevile vya kalsiamu kwenye ncha ya mshipa wa fahamu. Kwa ng'ombe mzima pengine hutaona kitu. Kwa ng'ombe ambaye kalsiamu yake imekwisha, ni kumzibia hata ule upenyo mdogo uliobaki. Tetrasaiklini nayo hushikamana na kalsiamu. Dawa hizo zina magonjwa yake. Hili si mojawapo.

Usikimbilie kisu. Majirani watasema, "Chinja kabla hajafa, upate chochote." Kwa ng'ombe aliyezaa juzi, mwenye masikio ya baridi, subiri kwanza mtaalamu amtazame.

SINDANO YENYEWE

Dawa ni kalsiamu borogulukoneti. Mtaalamu humtia ng'ombe mkubwa chupa ya mililita 400 kwenye mshipa mkubwa wa damu wa shingoni, dawa ikiwa imepashwa joto la mwili, na aliingize polepole, dakika 10 hadi 20, huku akisikiliza moyo.

Mbona polepole? Rudi kwenye vijilango. Moyo umekuwa na njaa ya kalsiamu. Ukiimwaga yote kwa mara moja, kalsiamu inafurika, moyo unakaza, unapiga ovyo, na unaweza kusimama palepale. Dawa ileile inayofufua inaua ikiharakishwa. Kwa hiyo sindano ya mshipa si kazi ya kujaribu mwenyewe kwa chupa uliyonunua dukani. Mfugaji aliyefundishwa na Bwana Mifugo anaweza kutia dawa chini ya ngozi wakati mtaalamu yuko mbali, ikagawanywa mahali pengi. Hiyo inanyonywa taratibu na haina hatari kubwa kwa moyo, ingawa kwa mgonjwa aliyelegea sana na kuwa wa baridi inaweza kuchelewa mno. Omba ufundishwe kabla ya siku ya shida, hasa ukikaa mbali na mji, ambako masika njia hazipitiki upesi.

Utaona dawa ikifanya kazi: anabeua, anatetemeka kidogo, pua inapata unyevu, anatoa mavi, kisha anajaribu kusimama. Usimharakishe. Baadhi huanguka tena ndani ya siku moja au mbili, kwa kuwa kiwele kinaendelea kuvuta. Kwa hiyo mlinde siku mbili, na katika siku hizo usimkamue hadi tone la mwisho. Mpe ndama dang'a yake, lita 2 hivi mapema ndani ya saa 6 za kwanza, kisha punguza kiwele kidogo tu.

KUKINGA

Sasa tufike kwenye jambo linalowachanganya wengi. Mfugaji anasema: "Kama shida ni upungufu wa kalsiamu, basi nitampa kalsiamu nyingi kabla hajazaa." Hapana! Fanya kinyume.

Shingoni mwa ng'ombe kuna tezi ndogo nne kazi yake ni kulinda kalsiamu ya damu. Ikishuka kidogo, tezi hutoa homoni inayoamuru mifupa itoe akiba, na kwa msaada wa vitamini D, utumbo unyonye zaidi. Lakini shughuli hiyo huchukua siku mbili tatu mpaka ishike kasi. Ng'ombe aliyelishwa kalsiamu nyingi wiki zote za mwisho wa mimba, tezi zake zimelala. Kiwele kinapofunguka ghafla, zinaamka zimechelewa. Aliyelishwa kwa kiasi, tezi zake ziko macho, ghala la mifupa limeshafunguliwa.

Kwa hiyo:

1. Wiki 3 za mwisho kabla ya kuzaa, punguza vyakula vyenye kalsiamu nyingi: majani ya karanga, lusina na jamii ya mikunde. Usiweke chokaa ya mifugo wala unga wa mifupa kwenye chakula chake. Mpe zaidi nyasi zilizokomaa, hei na mabua ya mahindi, pamoja na pumba kidogo. Hatusemi umnyime chakula; tunasema ubadilishe aina.

2. Punguza pia majani mabichi machanga yaliyokuzwa kwa samadi nyingi, na molasi. Vina potasiamu nyingi, na potasiamu huifanya mifupa iwe mizito kuitikia amri ya tezi. Kwa wenzetu wa Tabora, jambo hili ni la mwezi Desemba na kuendelea, mvua zinapochipusha majani.

3. Asinenepe mno wakati wa kukaushwa. Ng'ombe mnono sana huugua zaidi. Na azoee kutembea na kupata jua.

4. Siku akizaa, geuza mambo. Rudisha majani ya karanga na mikunde, mpe chokaa ya mifugo, na uendelee kipindi chote cha kukamua.

5. Ng'ombe aliyewahi kuugua mwaka uliopita huenda akaugua tena. Andika tarehe ya kupandwa, hesabu siku 280 hivi, na umwambie Bwana Mifugo mapema. Lala karibu na zizi usiku wa kwanza na wa pili.

MASWALI YANAYOULIZWA

Je, chumvi ya Uvinza haitoshi? Chumvi ya Uvinza ni chumvi nzuri. Ilifika Unyanyembe kwa vichwa vya wapagazi tangu zama za misafara, na ng'ombe huipenda. Lakini chumvi ni sodiamu. Hubeba ujumbe njiani, haivushi mwanyani. Mpe chumvi, lakini usidhani umempa chokaa.

Je, maziwa ya ng'ombe aliyechomwa kalsiamu yanafaa? Kalsiamu yenyewe haina ubaya. Lakini kama amechomwa pia dawa za vijidudu, ngoja siku alizotaja mtaalamu.

Je, binadamu ana vijilango hivi? Anavyo. Vidonge vya nifedipini na amlodipini wanavyopewa wagonjwa wa shinikizo la damu, hata pale hospitali ya Kitete, hufanya kazi kwa kuvibana vijilango vya kalsiamu kwenye kuta za mishipa ya damu. Misuli inalegea, mishipa inapanuka, shinikizo linashuka. Kwa mgonjwa huyo kulegea kidogo ni dawa. Kwa ng'ombe wako kulegea kupita kiasi ndiyo maradhi.

KWA UFUPI

Ng'ombe wa maziwa, uzao wa tatu au zaidi, siku 3 baada ya kuzaa, yuko chini, masikio ya baridi: hiyo ni homa ya maziwa mpaka mtaalamu aseme vingine. Mkalishe kwa kidari, mgeuzegeuze, usimnyweshe kitu, usimkamue, ita Bwana Mifugo. Dawa iende polepole. Na mwaka ujao anza kukinga wiki 3 kabla ya siku ya kuzaa. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Kwa ugonjwa huu, ngoja ngoja huua ng'ombe.

Kazi njema, ndugu mfugaji. Katika somo lijalo tutaendelea na ulishaji wa ndama.